Mkakasi wa chuma na filamu iliyokataliwa

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi, kwa vijana ambao hawajapata kulisikia neno hilo, ni kijikasha kilichotiwa nakshi kikavutia macho. Methali yenyewe huwaonya watu wasihadaike kwa sura ya nje ya kitu au ya mtu. Ni methali inayotumiwa sana darasani, lakini aghalabu hapana anayeuliza swali la pili: je, ikiwa mwenye mkakasi anajua fika kwamba ndani mna kipande cha mti, na bado anautaka na kuulipia, tumwambieje?

Swali hili si la mzaha. Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani imestawi biashara ya kuuza filamu ndani ya makasha ya fahari yaliyokusudiwa wakusanyaji. Maarufu zaidi ni kasha la chuma chembamba liitwalo SteelBook, jina ambalo ni nembo ya kampuni ya Scanavo ya Denmark. Picha huchapwa juu ya chuma chenyewe, si juu ya karatasi iliyochomekwa katika plastiki. Ndani huwamo diski, na katika matoleo ya gharama zaidi huwamo pia kijitabu, kadi za picha na bango lililokunjwa. Aghalabu idadi ya nakala huwekewa mpaka, zikimalizika zimemalizika, na atakayechelewa atazitafuta kwa walanguzi kwa bei maradufu.

La ajabu ni kwamba heshima hii haitunukiwi filamu bora peke yake. Makasha ya namna hii hutengenezewa hata filamu ambazo wahakiki walizibeza na watazamaji wakazikimbia, na miongoni mwazo zimo filamu zilizotungwa kutokana na michezo ya video. Mtu aweza kudhani kwamba hapa ndipo methali yetu inapotimia barabara. Mimi nadhani jambo hili lina undani zaidi, na kwamba sisi tunaosomesha lugha na fasihi tuna la kujifunza kwalo.

Hebu tuchukue mfano mmoja. Mario, yule fundi wa mabomba mwenye masharubu na kofia nyekundu, alizuka mwaka 1981 katika mchezo wa Donkey Kong wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Mwaka 1985 mchezo wa Super Mario Bros. ulimtangaza kote duniani. Kisha Mei 1993 ikaonyeshwa nchini Marekani filamu yenye jina hilohilo, ambayo huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Hollywood yenye waigizaji wa kweli kutungwa kutokana na mchezo wa video. Haikuwa kazi ya watu wasio na jina. Miongoni mwa watayarishaji alikuwamo Roland Joffé, aliyekwisha kuongoza filamu za The Killing Fields na The Mission. Mario aliigizwa na Bob Hoskins wa Uingereza, nduguye Luigi akaigizwa na John Leguizamo, naye Dennis Hopper akawa mfalme mwovu Koopa. Waongozaji walikuwa wawili, mume na mke, Rocky Morton na Annabel Jankel.

Matokeo yalikuwa msiba. Mswada ulibadilishwa mara nyingi mno, hata siku za kupiga picha zilipowadia. Waongozaji nao hawakuwa na kauli ya mwisho katika uhariri wa kazi yao wenyewe. Watoto waliotarajia ile nchi ya uyoga na mawingu ya rangi za kupendeza walikuta jiji la giza linalokaliwa na wazao wa dinosaria. Filamu iliyogharimu zaidi ya dola milioni 40 ilikusanya kama dola milioni 21 tu katika majumba ya sinema ya Marekani. Wahakiki wengi waliikemea. Hoskins mwenyewe, alipohojiwa na gazeti la Guardian la Uingereza mwaka 2007, aliitaja kuwa kazi mbaya kuliko zote alizopata kufanya. Nintendo nayo ilikaa miaka mingi kabla ya kumrudisha Mario katika sinema, na ilipofanya hivyo mwaka 2023 ilichagua filamu ya vibonzo, iliyopata zaidi ya dola bilioni moja duniani.

Kwa mwanaisimu, jambo moja katika mkasa huu ni tamu kupita kiasi. Bango la filamu ya 1993 lilibeba tangazo fupi la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili tungelifasiri hivi: huu si mchezo. Waliolitunga walitaka kusema kwamba hapa pana jambo zito na la hatari, wala si mchezo tena. Mswahili asemapo "si mchezo" hulisifu jambo kwa ukubwa wake, kwa hiyo tafsiri hii inaafiki nia yao. Walakini maneno yana tabia ya kumsaliti msemaji. Waliolipa kiingilio walikuwa watu walioupenda mchezo. Kuwaambia kwamba huu si mchezo kulikuwa kuwatangazia waziwazi kwamba walichokijia hakimo. Ni nadra tangazo la biashara kusema kweli kiasi hicho bila ya kukusudia.

Hapa ndipo tunapokutana na nadharia ya mhakiki Mfaransa Gérard Genette. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1987 alichambua vitu vyote vinavyoizunguka matini bila ya kuwa matini yenyewe: jina la mtunzi, anwani, jalada, dibaji, maneno ya sifa yaliyo nyuma ya kitabu. Kitabu hicho alikiita kwa Kifaransa neno lenye maana ya vizingiti. Tashbihi hiyo ni njema, kwani kizingiti si nje wala si ndani. Akanyagaye kizingiti bado hajaingia nyumbani, lakini amekwisha kuambiwa nyumba ni ya nani na aingie kwa adabu gani. Kasha la filamu ni kizingiti cha aina hiyo. Kabla diski haijazunguka hata mara moja, kasha limekwisha kumwambia mtazamaji atazame kwa jicho gani.

Tuitazame basi lugha ya kizingiti hiki. Kwanza kuna neno "maalum". Toleo maalum ni maalum kwa kulinganishwa na lipi? Mara nyingi hujibiwi, maana sifa hiyo imeachwa ielee. Pili kuna lugha ya uchache: idadi hii tu, mara hii tu, duka hili tu. Uchache wa lulu hutokana na bahari, lakini uchache wa kasha hutokana na uamuzi wa mwenye kiwanda, naye angeweza kuchapa mara kumi ya idadi hiyo lau angetaka. Tatu kuna lugha ya maadhimisho: miaka ishirini, miaka thelathini, kana kwamba filamu iliyoanguka ilikuwa shujaa wa ukombozi. Na nne kuna ukimya. Kasha halisemi kwamba filamu ilikataliwa. Wanafunzi wa pragmatiki wanafahamu kwamba lisilosemwa mahali lilipotarajiwa kusemwa nalo ni kauli.

Kufikia hapa msomaji atanena, basi methali imeshinda na tufunge kitabu. La hasha. Tungoje kidogo tuone kilichowekwa ndani ya mkakasi.

Mnamo Novemba 2014, miaka 21 baada ya filamu ile kuanguka na miezi michache baada ya Hoskins kufariki, kampuni ya Second Sight ya Uingereza iliitoa katika diski ya Blu-ray, likiwamo toleo la kasha la chuma. Haikuwa diski tupu. Waliitia pia filamu ya maelezo ya muda wa kama saa moja ambamo baadhi ya walioitengeneza kazi hiyo wanasimulia jinsi mambo yalivyokwenda mrama. Hata jina la maelezo hayo lililichezea lile tangazo la kale kwa kulipachika neno la video, yaani sasa likawa: huu si mchezo wa video. Kejeli iliyokuwa imejificha mwaka 1993 ilitolewa hadharani, na waliocheka safari hii walikuwa wahusika wenyewe.

Tena kazi hiyo haikutokana na kampuni peke yake. Wapenzi wa filamu hiyo walikuwa wamejikusanya tangu mwaka 2007, wakitafuta miswada, michoro, picha na vifaa vilivyotumiwa, nao walisaidia kuandaa toleo la 2014. Mwaka 2019 ukapatikana ukanda wa kale wa video wenye toleo la awali, refu kuliko lile la sinema kwa kama dakika 20. Waliusafisha ukanda huo kwa mikono yao na mwaka 2021 wakalitoa toleo hilo ili kila mtu alione. Hawakufanya hivyo kwa sababu filamu ni bora. Wengi wao wanazikiri kasoro zake bila kusitasita. Walifanya hivyo kwa sababu waliipenda utotoni, na kwa sababu walitaka kujua imekuwaje watu wenye vipawa na fedha wakakosa.

Hapo ndipo nilipokusudia kufika. Mkakasi huu kweli una kipande cha mti, lakini umekiwekea pia historia ya mti huo: ulipandwa na nani, ulikatwa vipi, na kwa nini ulipinda. Mkakasi wa namna hiyo haumhadai mtu. Mwanafunzi wa uandishi ataelimika kwa filamu hii yenye maelezo yake kuliko kwa kazi bora isiyo na maelezo, maana kazi bora huficha jinsi ilivyotengenezwa, ilhali iliyobomoka huonyesha mbao na misumari. Sisi walimu tunalijua jambo hili madarasani. Insha iliyopata alama zote hurudishwa kwa pongezi, lakini somo hasa hutokana na ile iliyojaa wino mwekundu.

Sisemi kwamba kila kasha lina fadhila hiyo. Tulinganishe na filamu ya Borderlands, ambayo nayo ilitokana na mchezo wa video. Iliongozwa na Eli Roth, ikaigizwa na Cate Blanchett na Kevin Hart, ikatoka Agosti 2024. Bajeti yake ilizidi dola milioni 100, na mapato yake katika sinema duniani kote yalikuwa kama dola milioni 33. Wahakiki waliisulubu. Kufikia Oktoba mwaka uo huo filamu ilikuwa imekwisha kutiwa katika diski na kupangwa madukani. Hapa wakati haukupewa nafasi ya kufanya kazi yake. Kasha linalotoka miezi miwili baada ya filamu haliwezi kuwa limetokana na mapenzi ya watu, kwa kuwa mapenzi hayo hayajapata kuzaliwa. Huwa limepangwa hukumu ingali haijatoka, na hukumu itokapo kiwanda hakisimami. Kasha la 2014 lilifuata kumbukumbu, lakini kasha la haraka hutangulia kumbukumbu na kutaraji kuiumba. Yote mawili ni biashara, hilo halina ubishi, lakini la kwanza limejibu haja iliyokuwapo, na la pili linaitafuta haja.

Kadhalika tusiwasahau wakusanyaji wanaonunua kasha wasilifungue kamwe. Huliacha ndani ya nailoni yake, hulipanga rafuni na huhofia hata alama ya kidole. Kwao filamu imegeuka kisingizio, na ganda limekuwa ndilo tunda. Isimu inatufundisha kwamba ishara ina pande mbili, umbo na maana. Kasha lisilofunguliwa ni umbo lililokata uhusiano na maana yake. Huko ndiko methali ya mkakasi inakowafaa kweli watu, wala si kwa yule anayefungua, akatazama, akacheka na akajifunza.

Pana sababu nyingine ya kutoyadharau makasha haya. Siku hizi filamu nyingi hutazamwa kwa intaneti, nazo huonekana leo zikatoweka kesho mkataba unapokwisha. Hata neno "kununua" limeanza kutiliwa shaka mahakamani na bungeni. Mwaka 2024 jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria inayomkataza mwenye kuuza bidhaa za kidijitali kutumia neno hilo bila kumweleza mteja kwamba anachopewa ni leseni tu, ambayo yaweza kuondolewa. Yaani wabunge wameketi wakajadili maana ya kitenzi! Mtu aliye na diski ndani ya kasha hana shida hiyo. Filamu yake, mbaya au nzuri, ni yake, wala hapana mkataba utakaoivamia rafu yake usiku.

Kwa hiyo kinachoamua kazi gani isalie duniani si ubora peke yake. Husalia kazi ambayo mtu fulani aliipenda kiasi cha kuitafutia kasha. Na tukiisha kulikubali hilo, hatuna budi kujigeukia wenyewe. Filamu ya Kolormask ya Sao Gamba, iliyotoka mwaka 1986, huhesabiwa miongoni mwa filamu ndefu za mwanzo kuongozwa na Mkenya. Ni wanafunzi wangapi wa vyuo vyetu wanaosomea sanaa wamepata kuitazama? Miaka ya 2000 mtaa wa River Road jijini Nairobi ulichipuza tasnia nzima iliyobandikwa jina la Riverwood, ikitoa vichekesho na tamthilia katika Kiswahili, Kikuyu na lugha nyinginezo, kwa diski za bei nafuu. Ziliuzwa aghalabu katika bahasha nyembamba za plastiki, zikatazamwa nyumbani na katika matatu, zikakwaruzika, zikatupwa. Nyingi zilikuwa na kasoro tele: sauti hafifu, picha zinazotikisika, hadithi zisizokamilika. Walakini mlikuwamo lugha ya Wakenya kama walivyoizungumza miaka hiyo, utani wao, methali walizozigeuza, maneno ya mitaani ambayo leo yamekwisha kufa. Mtafiti wa isimujamii angezifurahia kama mchimba kisima anapofikia maji.

Si hoja yangu kwamba tuanze kusubu makasha ya chuma hapa Nairobi. Chuma ni fahari ya wenye fedha. Ninachodai ni tabia iliyo nyuma ya chuma, yaani ile ya kuihifadhi hata kazi iliyoshindwa na kuiandikia maelezo wahusika wangali hai. Wapenzi wa ile filamu ya Mario hawakuanza na chuma. Walianza kwa kuuliza maswali na kutunza karatasi. Kila shule yenye klabu ya uanahabari au ya drama inaweza kufanya hivyo. Tamthilia iliyoshindwa katika raundi ya kwanza ya tamasha la shule nayo ina mswada, ina waigizaji, ina mwalimu aliyeiandika kwa mwanga wa taa ya mafuta. Mbona mswada wa mshindi peke yake ndio unaotunzwa?

Na darasani pia pana kazi ya kufanya. Wanafunzi wetu wamezoea kuulizwa waeleze jinsi anwani na jalada la riwaya zinavyosadifu yaliyomo, nao hujibu kana kwamba sharti visadifu. Mwalimu na awaletee siku moja jalada la filamu au la kitabu ambacho kilikataliwa, awaulize: maneno gani hapa ni hoja na yapi ni mapambo? Sifa hii imetolewa na nani? Ni lipi ambalo jalada limelinyamazia? Kisha wafungue walinganishe. Baada ya zoezi hilo mwanafunzi hataisoma tena lugha ya matangazo kwa macho yaleyale, iwe ni tangazo la sabuni, la chuo kipya au la mwanasiasa wakati wa kampeni, ambaye naye hupenda sana kutiwa katika kasha zuri.

Methali ya mkakasi basi ibaki palepale ilipo, na tuendelee kuwafundisha vijana. Tuwaongezee tu kwamba mwenye busara haishii kuusifu mkakasi wala kuukebehi. Huufungua, akakitazama kile kipande cha mti kwa makini, kisha akauliza mti ule ulitoka msitu gani.